Mshauri Asiyeweza Kusema Hapana

Mzazi wa Mitwero amekwisha kupimwa shinikizo la damu na kupewa dawa zake, lakini hainuki kitini. Ana swali jingine, nalo halimo katika daftari la kliniki. Kijana wake amemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa Fizikia, Kemia na Biolojia, na amefaulu vizuri. Kuna mtu amepita nyumbani akiwa na karatasi zenye picha za majengo ya matofali mekundu na vijana waliovaa majoho ya mahafali. Anasema nafasi ya kusomea udaktari Marekani ipo, na kinachotakiwa ni ada ya kufungua jalada kabla mwezi haujaisha. "Daktari, wewe ndiye uliyesoma," mzazi anasema. "Niliuze shamba la mikorosho, au nisiliuze?"

Swali la namna hii huulizwa katika zahanati, vituo vya afya na hospitali za pwani ya Lindi, kuanzia Kilwa hadi Mchinga na Mingoyo, kwa sababu iliyo wazi. Mahali ambapo waliosoma hadi chuo kikuu ni wachache, mganga mfawidhi, muuguzi na tabibu huhesabiwa kuwa ndio wenye kuijua njia ya elimu. Hivyo mhudumu wa afya hugeuka mshauri wa masomo bila kuteuliwa na mtu, na aghalabu bila kujiandaa. Hapana budi basi jambo hili litazamwe kwa mizani ambayo wahudumu wa afya wameizoea. Ushauri wa kumpeleka kijana kusoma ng'ambo unastahili kufuata maadili yaleyale ya ushauri wa tiba. Anayeshauriwa aelezwe faida, hatari, gharama na njia mbadala. Anayeshauri asiwe na faida ya siri katika uamuzi wa mwenziwe. Na zaidi ya yote, mshauri awe mtu anayeweza kusema hapana.

Isidhaniwe kwamba safari yenyewe ndiyo yenye kasoro. Kuvuka bahari kutafuta elimu si jambo geni katika pwani hii. Masimulizi ya kale ya Kilwa yanaeleza kwamba Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, yuleyule aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331, alikaa Aden miaka miwili akisoma alipokuwa kijana, kabla ya kwenda kuhiji. Katika zama za karibu zaidi, kati ya mwaka 1959 na 1963, mpango ulioanzishwa na Tom Mboya wa Kenya pamoja na marafiki zake wa Marekani uliwapeleka vijana wapatao 800 wa Afrika Mashariki na Kusini kusoma katika vyuo vya Marekani, wakiwamo vijana wa Tanganyika. Wangari Maathai aliondoka mwaka 1960 kwenda kusoma biolojia katika chuo kidogo cha jimbo la Kansas. Akarudi, akapata shahada ya uzamivu Nairobi mwaka 1971, na mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Elimu ya ng'ambo imezaa matunda, na itaendelea kuzaa.

Kilichobadilika tangu siku za Mboya ni mahali yanakotoka malipo ya anayeshauri. Mboya na wenzake walihangaika kuchangisha fedha ili kijana asafiri. Wakala wa leo, kinyume chake, mara nyingi hulipwa pale kijana anapokubali kusafiri. Chuo humpa kamisheni, yaani sehemu ya ada ya mwaka wa kwanza, kwa kila mwanafunzi anayefika na kujiandikisha. Wapo wanaopokea pande zote mbili, kwa mzazi na kwa chuo, na mzazi huujua upande mmoja tu. Mwanafunzi asipokwenda, wakala hapati kitu kutoka chuoni. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa mwema, mcheshi na mwenye ujuzi mwingi, lakini neno moja limeondolewa kinywani mwake, nalo ni "usiende".

Wamarekani wenyewe wanaijua hatari hii. Tangu mwaka 1992 sheria yao ya elimu ya juu inavizuia vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu kuwalipa waandikishaji kwa kuhesabu vichwa vya wanafunzi waliowaleta. Hata hivyo, sheria hiyo iliacha mlango mmoja wazi: katazo haliwahusu wanafunzi wa kigeni wanaoishi nje ya nchi hiyo na wasiostahili misaada ya serikali yake. Mwaka 2013, baada ya mabishano ya miaka kadhaa, chama cha washauri wa udahili cha Marekani, NACAC, nacho kililegeza katazo lake kwa wanafunzi wa ng'ambo, kwa sharti kwamba vyuo viwe wazi na viwajibike. Kwa maneno mengine, kijana wa Chicago analindwa na sheria dhidi ya mshauri anayelipwa kwa kichwa, ilhali kijana wa Mitwero ameachiwa ajilinde mwenyewe.

Mhudumu wa afya haimpasi kuelezwa mara mbili ubaya wa mpango huo. Tabibu anayelipwa na muuza dawa kwa kila cheti anachoandika hawezi kuaminiwa, hata kama dawa yenyewe ni nzuri, kwa kuwa mgonjwa hajui kama ameandikiwa kwa ajili ya ugonjwa wake au kwa ajili ya mfuko wa tabibu. Ndiyo sababu maadili ya tiba yanadai uwazi na ridhaa. Mgonjwa hatii sahihi ya upasuaji kabla ya kuambiwa kinachokatwa, kinachoweza kuharibika na kitakachotokea asipokatwa. Mzazi anayetaka kuuza shamba anastahili maelezo yenye uzito huohuo.

Jambo la kwanza ambalo aghalabu haambiwi ni kwamba udaktari nchini Marekani hausomwi moja kwa moja baada ya kidato cha sita. Kwa kawaida mwanafunzi husoma kwanza shahada ya miaka minne katika fani nyingine, hufanya mtihani wa kuingia shule ya udaktari, kisha akikubaliwa husoma miaka minne mingine, na baada ya hapo hufanya mafunzo ya ubingwa kwa miaka isiyopungua mitatu. Jumla ni miaka 11 au zaidi. Shule nyingi za udaktari za huko hazipokei kabisa wanafunzi wa kigeni, na miongoni mwa zinazowapokea zimo zinazodai ada ya miaka kadhaa iwekwe benki kabla ya masomo kuanza. Nchini Tanzania shahada ya udaktari huchukua miaka mitano, ikifuatiwa na mwaka mmoja wa utarajali. Kwa hiyo kijana anayeambiwa "unakwenda kusomea udaktari" huenda anakwenda kusoma shahada ya biolojia, ambayo ni elimu halali na yenye heshima, lakini haimpi haki ya kumtibu mtu, si Marekani wala Lindi. Tofauti hiyo ikifichwa, ridhaa ya mzazi haina maana.

Jambo la pili ni fedha. Ahadi inayorudiwa sana ni kwamba kijana atafanya kazi na kujilipia. Masharti ya viza ya mwanafunzi, iitwayo F-1, hayaruhusu hivyo. Wakati wa muhula anaruhusiwa kazi isiyozidi saa 20 kwa wiki, tena ndani ya chuo, na katika mwaka wa kwanza wa masomo haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo. Kabla chuo hakijatoa fomu ya I-20, ambayo ndiyo msingi wa kuomba viza, familia hutakiwa kuthibitisha kwamba ina fedha za kutosha angalau mwaka wa kwanza. Anayevunja masharti ya kazi huweza kupoteza hadhi yake ya mwanafunzi na kurudishwa nyumbani, na shamba lililouzwa halirudi pamoja naye.

Jambo la tatu ni viza yenyewe. Hakuna wakala, mwalimu wala mwanasiasa anayeweza kuiahidi. Uamuzi ni wa ofisa wa ubalozi peke yake, naye kwa sheria ya nchi yake humchukulia mwombaji kuwa anakusudia kuhamia huko mpaka mwombaji athibitishe vinginevyo. Ada ya kuomba viza hairudishwi mwombaji akikataliwa. Masharti nayo hubadilika ghafla. Mwishoni mwa Mei 2025 Marekani ilisitisha kwa wiki kadhaa upangaji wa mahojiano mapya ya viza za wanafunzi duniani kote. Mwezi uliofuata ilitoa amri ya kuwazuia au kuwawekea mipaka raia wa nchi kadhaa, Somalia na Burundi zikiwamo. Desemba 2025 amri hiyo ikapanuliwa na Tanzania ikaingizwa miongoni mwa nchi zilizowekewa mipaka, ikihusisha pia viza za wanafunzi, kuanzia Januari 1, 2026. Amri za namna hiyo huweza kulegezwa kama zilivyowekwa. Lakini wakala anayechukua ada ya jalada bila kuitaja amri hiyo hatofautiani na mtu anayeuza dawa akijua kwamba imesitishwa.

Mifano ya mambo yanavyoharibika haikosekani. Mwaka 2016 katika chuo kikuu cha Western Kentucky, wanafunzi wapatao 25 kutoka India, waliopatikana kwa juhudi za mawakala, walitakiwa waache masomo yao ya kompyuta baada ya muhula mmoja kwa sababu ilionekana hawakuwa na maandalizi yaliyotakiwa. Walikuwa wamekwisha kulipa na kusafiri, na kosa la kuwadahili halikuwa lao peke yao. Karibu zaidi na nyumbani, katika kaunti ya Uasin Gishu nchini Kenya, wazazi walilipa fedha kwa mpango uliopitia mikononi mwa kaunti ili watoto wao wakasome Finland na Canada. Mwaka 2023 waliandamana mjini Eldoret wakidai fedha zao, huku baadhi ya vijana wakikabiliwa na kufukuzwa vyuoni kwa kutolipiwa ada, na suala hilo likafika katika Seneti na mahakamani. Nchi waliyoikusudia haikuwa Marekani, lakini fundisho ni lilelile. Wazazi hao hawakuwa wajinga. Waliwaamini watu waliokuwa na sababu ya kuwaamini. Imani bila karatasi inayoonyesha fedha inakwenda wapi ndiyo iliyowaponza.

Yapo maneno ya haki upande wa pili. Wapo wanaosema kwamba mawakala wanajaza pengo ambalo hakuna mwingine anayelijaza. Kutoka Lindi hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 400, na walimu wengi wa sekondari hawajapata kuiona fomu ya chuo cha Marekani. Mzazi anayeishi kwa korosho, ufuta au uvuvi hana muda wala intaneti ya kupekua kurasa mia mbili za masharti. Wakala anayejaza fomu kwa usahihi na kumwandaa kijana kwa mahojiano anafanya kazi yenye thamani na anastahili ujira wake. Hoja hiyo ni ya kweli na haifai kubezwa.

Lakini hoja hiyo inatetea ujira, haitetei usiri. Wakala mwaminifu hatapoteza kitu akimwambia mzazi kwa maandishi ni vyuo vipi vinavyomlipa na ni kipi kitakachorudishwa viza ikikataliwa. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, husajili mawakala wa kupeleka wanafunzi nje, na hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa anayekwenda kusoma nje. Asiyemo katika orodha yake asipewe hata shilingi. Tena upo ushauri usiolipiwa. Mtandao wa EducationUSA, ulio chini ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, una mshauri Dar es Salaam, na huduma yake ni bure. Malipo makuu ya serikali ya Marekani nayo yanajulikana: dola 350 za kumwingiza mwanafunzi katika kumbukumbu zao, kiwango kilichowekwa mwaka 2019, na dola 185 za kuomba viza, kiwango cha mwaka 2023. Wakala anayedai maelfu ya dola "za ubalozi" anajieleza mwenyewe.

Mhudumu wa afya ana sehemu yake mahususi katika jambo hili, ambayo wakala hawezi kuifanya. Vyuo vingi vya Marekani hudai uthibitisho wa chanjo ya surua, rubela na matumbwitumbwi. Tanzania iliingiza chanjo ya surua na rubela mwaka 2014, na matumbwitumbwi haimo katika ratiba ya kawaida ya watoto. Hivyo kijana aliyezaliwa kabla ya hapo huenda alichanjwa surua peke yake. Kadi ya kliniki ya utotoni itunzwe, na chanjo zinazokosekana zitafutwe mapema. Vyuo vingi pia huwapima kifua kikuu wanafunzi wanaotoka nchi zenye wagonjwa wengi. Kijana aliyechanjwa BCG utotoni huweza kuonyesha uvimbe katika kipimo cha ngozi ilhali hana maambukizi, kwa hiyo inafaa ajue kuomba kipimo cha damu, ambacho hakivurugwi na chanjo hiyo. Kwa upande mwingine, uchunguzi wa daktari maalumu wa ubalozi kwa kawaida hudaiwa kwa wahamiaji, si kwa wanafunzi. Anayetozwa fedha za uchunguzi huo na aulize ni nani aliyeudai.

Wagonjwa wa kudumu wanahitaji uangalifu zaidi. Kijana mwenye selimundu, kisukari, pumu au kifafa anaweza kusoma popote, lakini bima yake ya nyumbani haimfuati Marekani, na gharama ya kulazwa huko ni kubwa mno. Bima nyingine za bei nafuu zinazouzwa kwa wanafunzi wa kigeni hazilipii ugonjwa ambao mtu alikuwa nao kabla ya kusafiri. Maelezo ya ugonjwa, majina halisi ya dawa na vipimo vya karibuni viandikwe na kutiwa sahihi kabla ya safari, na swali la bima lijibiwe kabla ya ada kulipwa. Hata upweke na huzuni ya miezi ya kwanza ya baridi ni suala la afya, na kijana aambiwe mapema kwamba kuomba msaada wa chuo si aibu.

Linabaki jambo ambalo ni gumu zaidi kulisema miongoni mwa wahudumu wenyewe. Wakala akifika kituoni na kumwomba muuguzi majina ya wazazi wenye watoto waliofaulu, akiahidi "shukrani" kidogo kwa kila anayelipa, muuguzi huyo ameombwa auze vitu viwili: siri za watu waliomjia wakiwa wagonjwa, na imani yao kwa neno lake. Mshahara mdogo unaeleza kishawishi hicho, lakini hauwezi kukihalalisha. Siku ambayo wanakijiji watajua kwamba nesi alilipwa ili kusifu chuo asichokijua, watajiuliza pia alilipwa na nani aliposifu chanjo. Kituo cha afya kinachotaka kulinda chanjo zake hakina budi kulinda ushauri wake wote.

Turudi kwa mzazi aliyebaki kitini. Hahitaji hotuba, na mhudumu hana haja ya kujifanya anajua vyuo vya Marekani. Ayaandike maswali machache nyuma ya karatasi na kumpa. Je, wakala huyu amesajiliwa na TCU? Nani anamlipa, na kiasi gani? Kijana atahitimu na cheti gani hasa, na baraza la taaluma hapa nchini litakitambua? Leo hii, Mtanzania anapewa viza ya mwanafunzi? Isipopatikana, nini kitarudishwa, lini, na imeandikwa wapi? Mzazi ayapeleke maswali hayo kwa wakala, na asitoe fedha mpaka yote yajibiwe kwa maandishi.

Kwa swali lake la shamba, mhudumu asiye na kamisheni anaweza kumjibu waziwazi. Asiliuze sasa. Kijana aombe kwanza vyuo vya udaktari vya nchini, ambako ufaulu wake una thamani leo. Marekani atakuwa na nafasi ya kuikusudia baadaye, kwa shahada ya uzamili au ubingwa, akiwa na taaluma mkononi na akilijua analolifuata. Mikorosho ikae ardhini na kuzaa mpaka siku hiyo.